Sema Namba, Usiseme Rangi

Hii ni hotuba kuhusu tinti za vioo vya magari niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio. Wengi mlikuwa kazini, zamu za wikendi tunazijua, na mmeniomba niiweke yote. Nimeiandika vile vile nilivyoongea, picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Ndugu zangu wa Uvira na Bukavu, jambo kwenu. Warundi, amahoro. Vijana huko nyuma mliosimama karibu na wali, mambo?

Mwenyekiti kanipa dakika 20, na kwa kuwa yeye mwenyewe kunitambulisha katumia 12, niingie moja kwa moja.

Mi si mwanasheria. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo ili kesho mtu asije akasimama mbele ya hakimu akasema fundi kanambia. Mi ni fundi wa tinti. Kazi yangu ni chupa ya maji ya sabuni, wembe, na ile mashine ya kupuliza moto, nabandika karatasi kwenye vioo vya magari kuanzia asubuhi mpaka mgongo unakataa. Na nimeomba kuongea leo kwa sababu kila wiki anakuja mtu wetu gereji, Mswahili mwenzangu, nafurahi kumuona, namuuliza kaka unataka tinti gani? Ananijibu: nyeusi.

Nyeusi! Jamani, nyeusi ni rangi ya viatu. Sheria haijui nyeusi. Sheria inajua namba.

Sasa tuseme ukweli, kwa nini tunaipenda hiyo nyeusi? Kwetu kioo cheusi ni cheo. Kweli si kweli? Iwe Dar, iwe Nairobi, iwe Bukavu, likipita gari halionekani ndani, watu wanageuza shingo, ni mkubwa gani huyo? Mtoto wa Tanga kama mimi nimekua nikiyahesabu hayo magari barabarani, naapa siku nikipata langu sitaki mtu ajue hata kama nimevaa shati. Nikafika Marekani, nikanunua Corolla ya kwanza, imechoka, mlango mmoja rangi yake na mingine yake, na kitu cha kwanza kuweka ni nini? Tinti ya asilimia 5. Gari halifiki dola 2,000, vioo vya rais.

Na wengine mtaniambia fundi acha hizo, mbona nyumbani Noah na Alphard zinashuka bandarini zina vioo vyeusi kutoka kiwandani? Swali zuri. Siku ukirudi likizo iangalie ile Noah vizuri. Nyuma kweusi, mbele je? Mbele kweupe. Japani sheria yao inataka kioo cha mbele na vioo vya ubavuni kwa dereva vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70, huko nyuma wanakuachia. Tulikuwa tunaiona sheria ya Mjapani kila siku barabara ya Morogoro na hatujui kama ni sheria, tunadhani ni fasheni. Na hapa Marekani magari makubwa ya familia ni hivyo hivyo, unanunua minivani nyuma nyeusi toka dukani, mbele kweupe. Kwa hiyo ukija kwangu ukasema nataka mbele ifanane na nyuma, elewa unaniomba nini.

Haya, namba. Asilimia ya tinti ni mwanga unaoingia, si giza. Nirudie maana hapa ndo pesa za watu zinapopotelea. Ni mwanga unaoingia. Tinti ya 5 ndo nyeusi tii, tinti ya 70 karibu huioni kabisa. Mtu anakuja ananambia niwekee 20 nisije nikakamatwa, akidhani 20 ni kidogo, kama vile unavyosema niongezee sukari kidogo. Ni kinyume bwana. Namba ikishuka giza linapanda.

Ohio inasema hivi: vioo viwili vya mbele, cha dereva na cha abiria wake, asilimia 50, wanakuachia 3 juu au chini. Kioo kikubwa cha mbele, 70. Nyuma ya dereva weka unavyotaka, hata 5, ila ukiziba kioo cha nyuma uwe na saiti mira mbili za pembeni. Rahisi, si ndiyo? Basi mtu anajua 50, anaenda dukani anauliza mna 50, wanamwambia tunayo, wanabandika, analipa, anatoka roho nyeupe.

Kashavunja sheria.

Naona mnanitazama. Ngoja nieleze kwa harusi maana harusi tunaielewa wote. Wamekuja watu 100. Geti la nje kuna mlinzi, kaambiwa apitishe 75 tu. Mlango wa ukumbi kuna mlinzi wa pili, huyu kaambiwa kila wanaofika kwake apitishe nusu. Ndani ya ukumbi wameingia wangapi? Mama pale mbele kasema 50. Hapana mama yangu. Wamefika kwake 75, kapitisha nusu, wameingia 37 na nusu, huyo nusu tuseme ni mtoto. Kioo chenyewe cha gari ndo mlinzi wa kwanza! Kioo hakina uwazi wa 100 hata kikiwa kipya, mara nyingi kinapitisha sabini na kitu. Ukikibandika karatasi ya 50 juu yake, polisi akiweka kipimo anasoma thelathini na kitu. Na kipimo kinasoma vyote viwili kwa pamoja, hakiulizi risiti yako inasema nini.

Kwa hiyo Ohio, ukitaka kubaki ndani ya 50, karatasi ya kubandika mbele ni kama ya 70. Piga hesabu, 70 ya 75 ni 52 na nusu. Hiyo inapita. Lakini nikimwonyesha mteja karatasi ya 70 anaishika anaitazama kwenye taa ananambia fundi, hii si ni nailoni ya mkate?

Na mafundi hatusemi. Nami nakiri hapa mbele ya wazee, miaka yangu ya mwanzo nimebandika 20 mbele, nimebandika 5 mbele, mteja analipa, mi nakunja mkeka. Sheria ya Ohio inamgusa hadi fundi anayebandika, lakini nani aliniuliza? Siku tatu nne karatasi inakauka, mteja namwambia tu usishushe kioo. Ningemwambia na lile la sheria.

Pili, na hili linawahusu hasa nyie wa harusi na misiba, maana sisi hatukai mji mmoja. Ndugu wako Louisville, ndugu wako Lexington, shemeji yuko Pittsburgh, mtoto wa dada kahamia Indianapolis. Ijumaa usiku gari limejaa, watoto nyuma, sufuria kwenye buti, twende. Mnajua kila jimbo lina namba yake?

Kuna kaka mmoja, hayupo leo, ruhusa ya kumsema ninayo. Anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, kaweka tinti kule, duka la watu waaminifu kabisa, karatasi ya 50 mbele. Kioo na karatasi pamoja inasoma kama 37. Kentucky mbele wanataka 35, kwa hiyo yuko safi, ana haki zake. Angevuka mto kwenda Indiana, kule ni 30, bado safi. Akashika haiwei namba 71 kuja huku kwetu kwenye kipaimara cha mtoto, anapita Covington, anapanda lile daraja la Brent Spence, mto Ohio uko chini yake, redio inaimba, watoto wamelala. Upande wa Kentucky wa daraja yuko halali. Upande wa Ohio haramu. Gari lile lile, kioo kile kile, hajagusa kitu!

Akisema aendelee hadi Pennsylvania kwa shemeji, kule ni 70, yaani karibu ni kioo kama kilivyotoka kiwandani. Akienda juu Michigan, vioo vya mbele wanaruhusu karatasi inchi 4 za juu tu, kama kofia, chini yake hakuna kitu. Na akishuka Texas kwa rafiki yake ni 25, Florida 28. Ukitafuta mantiki utaumwa kichwa. Kidogo kuna mantiki ya jua, huko chini watu wanaungua. Lakini Kentucky na Ohio jua ni moja jamani, tunatenganishwa na mto.

Mtu atasema gari lina plet ya Kentucky, polisi wa Ohio ananihusu nini? Labda atakuachia. Wengi huwaachia wageni. Lakini huo ni mjadala, na pembeni ya haiwei saa saba usiku na watoto wanalia si mahali pa mjadala. Mi nawaambia wanaosafiri sana, mbele wekeni karatasi ile nyeupe au msiweke kabisa, nyuma fanyeni fahari yenu.

Na wale wa kununua magari ya mnada mtandaoni, nawaona, msijifiche. Kijana wetu mmoja kanunua Camry kutoka Florida, haina kutu hata punje, na kweli magari ya kule hayana kutu kwa kuwa hayajui chumvi ya barabara zetu. Limekuja na tinti yake, kule lilikuwa halali. Kalisajili Ohio, kapata plet, hakuna aliyemwambia kitu. Unajua kwa nini? Ohio hatuna ukaguzi wa kila mwaka wa gari, ukiacha ule wa moshi kule Cleveland na Akron. Pennsylvania wanao. New York wanao, na tangu 2017 wanapima hata tinti humo humo. Sisi hatuna. Sasa kama hakuna mkaguzi, wa kwanza kulikagua gari lako ni nani?

Ni polisi. Usiku. Kwa tochi.

Yule kijana akapata tiketi, sawa, akasema tinti naitoa mwenyewe sina pesa ya fundi. Akachukua wembe. Vioo vya milango vikaenda vizuri. Akafika kioo cha nyuma, ambacho hata hakikuwa na kosa Ohio, akasema nimalize kazi. Mnaijua ile mistari myembamba ya kahawia kwenye kioo cha nyuma? Ile ndo inayeyusha barafu. Kakwangua karatasi, kakwangua gundi, kakwangua na mistari yote. Januari ikaingia. Nilimkuta kwenye paking asubuhi na kadi ya benki mkononi anaparua barafu kwenye kioo cha nyuma, pumzi inamtoka kama treni. Kioo kipya kilimgharimu mara nyingi kuliko tiketi. Tinti inatolewa kwa mvuke, taratibu, karatasi inavuliwa kama ngozi ya viazi vilivyochemka. Leteni kwa fundi, hata kama si mimi.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Mkisahau yote, sahau na harusi, hili mlisikilize.

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi ghala moja huko nje ya mji, zamu ya usiku. Anatoka saa tisa, barabara nyeupe, hana haraka, hajanywa, hajafanya kitu. Taa za bluu nyuma. Kosa? Tinti. Afisa kafika kagonga kioo, haoni ndani, kijana katika kuhangaika hakushusha kioo haraka, anatafuta karatasi za gari kwenye droo, mikono haionekani. Jiweke mahali pa yule afisa. Uko peke yako, giza, kioo cheusi, kuna kitu kinacheza ndani. Sauti ikapanda. Toka nje ya gari. Akatoka. Leseni, imeisha wiki mbili. Bima, alibadilisha kadi ya benki, malipo hayakupita, imekatwa. Gari likavutwa. Saa kumi alfajiri nimepigiwa simu namfuata yupo kituo cha mafuta kakaa kwenye ndoo. Ukijumlisha karatasi zote alizopewa usiku ule, ya tinti ndo ilikuwa ndogo kuliko zote. Lakini ndiyo iliyofungua mlango!

Mnanielewa? Tinti ndiyo iliyofungua mlango.

Na usiseme alimuonea, hana haki ya kunisimamisha kwa kitu kidogo hivyo. Anayo. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi inaitwa Whren, majaji wote tisa walikubaliana: kama afisa ameona kosa la barabarani, lolote lile, anaweza kukusimamisha, haijalishi moyoni mwake alikuwa anawinda kitu kingine. Na tangu 1977, kesi ya Mimms, anaweza kukuambia shuka kwenye gari, unashuka. Upande wetu nao kuna kitu: 2015, kesi ya Rodriguez, mahakama ikasema shughuli ya tiketi ikishaisha hawezi kukuweka pale asubiri mbwa aje anuse kama hana sababu ya kukushuku. Yule Rodriguez aliwekwa dakika saba nane tu, mahakama ikasema hata hizo hapana. Lakini hayo unayasema kwa mwanasheria, hayasemwi barabarani. Barabarani unawasha taa ya ndani, unashusha vioo vyote vinne, mikono juu ya usukani, unangoja uulizwe.

Kuna wenzetu humu karatasi zao za uhamiaji bado ziko njiani. Siwatishi. Kila mtu anajua hali yake. Ila jiulize, kati ya sababu zote za kusimamishwa na polisi, kuna ambazo huna uwezo nazo. Rangi ya ngozi huwezi kuibadili, mtaa unaoishi huwezi kuuhamisha, lafudhi yako ndo hiyo. Tinti uliinunua. Umelipa mtu dola 200 akuwekee sababu kwenye mlango!

Nina moja la kuwaambia ambalo halina polisi ndani yake. Ile Corolla yangu ya vioo vya rais. Novemba, saa wameshazirudisha nyuma, saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshatanda, mvua ile nyembamba. Niko paking ya supamaketi natoka kinyumenyume, nimeangalia kioo cha kushoto, naona taa za maduka zinameremeta kwenye matone, basi. Nikasikia kofi kwenye buti. Paa! Mama wa watu na kigari cha mtoto. Yeye ndiye aliyelipiga gari langu. Nikashuka miguu haina nguvu. Hakunitukana, heri angenitukana, alinyoosha tu kidole kwenye kioo changu akasema, mi nilikuwa nakuangalia nione kama umeniona, ningejuaje?

Usiku ule ule nilikaa kwenye gari nyumbani nikatoa karatasi ya mlango wa dereva kwa mvuke wa pasi ya mke wangu. Aliuliza kwa nini pasi inanuka gundi, nikasema sijui. Leo kajua.

Ndo maana hata pale penye stop nne, mnajua zile njia panda zenye stop kila upande, watu wanapungiana mkono, pita wewe, asante, wewe umepungiwa, unapunga pia, nani anaona? Unakaa humo ndani unapunga peke yako kama mwendawazimu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na joto maana najua ndo swali litakalokuja. Fundi, sisi tunataka ubaridi tu, hatutaki ubishoo. Sawa. Weusi si ubaridi. Karibu nusu ya nguvu ya jua linaloingia kwenye gari ni mwanga usioonekana kwa macho, na kuna karatasi za seramiki zinazuia ule usioonekana na zinauacha unaoonekana upite. Ya 70 ya seramiki inaweza kukupoza kuliko nyeusi ya bei rahisi inayogeuka zambarau baada ya miaka miwili. Ile miale inayochoma ngozi nayo, karatasi nzuri hata iwe nyeupe inazuia kama asilimia 99. Bei iko juu kidogo, sitawadanganya. Na kama mtu ana ugonjwa wa ngozi au macho hayataki jua, kuna majimbo yanaruhusu chini ya namba kwa cheti cha daktari, Minnesota wanayo, Pennsylvania wanayo. Muone daktari kwanza, halafu fundi, si fundi kwanza halafu utafute daktari wa kukuandikia.

Baba pale nyuma kaniuliza wakati naingia, mi nimeshabandikiwa zamani, risiti sina, najuaje ni ngapi? Swali la maana kuliko hotuba yote. Hiki hapa mnakiona? Kipimo. Kidogo kama simu za zamani, kina mdomo katikati. Unashusha kioo nusu, kinakaa juu ya kioo hivi, namba inatoka. Sekunde tano. Ninacho mfukoni na sitozi mtu kitu. Tukishakula nitakuwa hapo nje kwenye paking, kila mwenye gari apite asome yake mwenyewe, namba haitangazwi.

Isipokuwa ya mwenyekiti. Ya mwenyekiti nitaitangaza kwa maiki, maana hiyo Highlander nimeiona wakati naingia.